Twende Mafia Tukaone

Leo nataka tusafiri. Weka jembe chini kwa muda, keti kivulini, tusome pamoja. Tunakwenda Kisiwa cha Mafia.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni minazi, mikorosho na mihogo. Huenda ukajiuliza: bwana shamba na habari za watalii, wapi na wapi? Ngoja nikueleze. Mtu anayezunguka vijijini kwa miaka mingi huona mambo mengi. Mimi nimeona kwamba mali ya kijiji si ile iliyo ghalani tu. Mali nyingine inaning'inia mtini. Nyingine inaogelea baharini. Nyingine imelala magofuni, imefunikwa na mizizi. Tusipoijua mali hiyo tutaiharibu kwa mikono yetu wenyewe. Mimi nilikaribia kufanya hivyo. Nitakusimulia.

MAFIA IKO WAPI?

Mafia ni kisiwa katika Bahari ya Hindi. Kiko kusini ya Dar es Salaam, mbele ya mahali ambapo Mto Rufiji unaingia baharini. Kisiwa kikubwa kina urefu wa karibu kilometa 50. Pembeni yake viko visiwa vidogo: Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na vingine. Vyote pamoja ni Wilaya ya Mafia, katika Mkoa wa Pwani. Makao makuu ya wilaya ni mji wa Kilindoni.

Kwa ndege kutoka Dar es Salaam safari haimalizi saa nzima. Lakini wengi wetu tunapita njia ya maji. Unapanda gari mpaka Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji. Delta ni mahali mto unapogawanyika mikono mingi kabla ya kufika baharini. Hapo Nyamisati unapanda chombo. Kwanza mnapita katikati ya mikoko, maji ni ya rangi ya udongo. Halafu mikoko inabaki nyuma, maji yanageuka kijani, kisha buluu. Hapo ndipo unajua umeingia bahari kuu.

Sikiliza neno la mtu aliyetapika njiani. Wakati wa upepo wa kusi, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, bahari huchafuka mara nyingi. Uliza hali ya bahari kabla ya kuondoka. Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama nahodha anakuambia, "Tusogee kidogo, nafasi ipo." Vaa jaketi la kuokolea. Kuvaa jaketi si woga. Samaki hawaulizi nani alikuwa shujaa.

POTWE WA KILINDONI

Kitu cha kwanza ambacho wageni wanakifuata Mafia ni potwe. Wengine humwita papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Nyangumi anamzidi kwa ukubwa, lakini nyangumi si samaki, maana yeye huzaa na kunyonyesha. Potwe wengi wanaoonekana Mafia bado ni vijana. Hata hivyo kijana huyo anaweza kuwa na urefu wa meta sita au saba. Hebu pima meta saba hapo nje ya nyumba yako. Utaelewa ninasema nini.

Mgongo wake una madoa meupe, kama kitenge. Wataalamu wamegundua kwamba madoa ya potwe mmoja hayafanani na ya mwingine. Kwa hiyo wanampiga picha ubavuni na kumtambua akirudi, kama wewe unavyomtambua ng'ombe wako kwenye kundi.

Je, potwe anauma watu? Hapana. Potwe hatafuni mtu. Chakula chake ni uduvi na viumbe vingine vidogo vya baharini. Anafungua kinywa kipana kama mlango, maji yanaingia, uduvi unabaki, maji yanatokea pembeni. Wakati mzuri wa kuwaona karibu na Kilindoni ni kuanzia Oktoba mpaka Machi. Zamani watu walidhani miezi mingine potwe wanahama. Wataalamu walipowafungia vyombo vya kuwafuatilia waligundua kwamba wengi hawaendi mbali. Wanashuka tu kwenye maji yenye kina.

Mgeni anapelekwa kwa mashua, anaingia majini akiwa na miwani ya kuogelea, na anaogelea pembeni ya potwe. Sharti ni kumwangalia tu. Hapandwi, hashikwi, na njia yake haizibwi. Ukikaa nyuma ya mkia wake unaweza kupata pigo usilolisahau.

Lakini usidhani mambo yote ni mepesi. Dagaa nao huandamana na potwe. Mvuvi wa ringineti akiona potwe anajua kuna riziki. Anazungusha wavu, na mara nyingine potwe anabaki ndani. Siku moja nilikuwa pwani ya Kilindoni. Nahodha mmoja alirudi na dagaa kidogo sana. Alikuwa amefungua wavu ili potwe atoke, na dagaa wakatoka naye. Vijana wake walinuna. Mmoja alisema:

"Potwe ni wa mgeni. Dagaa ni wangu. Leo nani atanilipa?"

Ndugu msomaji, swali lile si la kipumbavu. Mwenye mashua ya kubeba wageni anapata fedha kwa sababu potwe yu hai. Mvuvi wa dagaa ndiye aliyemwacha hai. Kama fedha zinaishia kwa mmoja na hasara inabaki kwa mwingine, hifadhi haitadumu. Nahodha alimjibu kijana wake kwa upole: "Mwanangu, leo tumekosa. Lakini potwe akiondoka, nani atatuonyesha dagaa walipo?" Kijana hakujibu. Mimi nadhani wote wawili walisema kweli, na jambo lao ni la kumalizwa kwenye mkutano wa kijiji.

POPO WA CHOLE

Kutoka Kilindoni tunavuka kisiwa kwa gari mpaka Utende, upande wa mashariki. Mbele yetu ni Ghuba ya Chole. Tunapanda mashua, na baada ya muda mfupi tunashuka Kisiwa cha Chole. Hakuna magari. Njia ni za miguu na baiskeli, zinapita chini ya miembe na michungwa.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye kosa langu.

Chole kuna popo wakubwa. Si wale wadogo wa darini. Hawa wanaitwa popo wa Komoro, kwa sababu jamaa zao wako Visiwa vya Komoro. Hapa Tanzania wanapatikana Mafia tu. Akikunjua mabawa ni zaidi ya meta moja. Mchana wananing'inia mtini kichwa chini, mamia kwa mamia, wakipiga kelele na kugombea nafasi kama abiria. Jua likizama wanaruka makundi kwa makundi kwenda kutafuta matunda.

Nilifika Chole mara ya kwanza yapata miaka 20 iliyopita. Nilikuwa kijana, cheti changu cha kilimo bado kinanukia wino. Niliwaona popo wale, nikaona maembe yaliyotafunwa chini. Kwenye mazungumzo na wakulima nikasema kwa sauti kubwa: "Huyu ni mdudu mharibifu. Fukuzeni popo, kateni mti wanaolala."

Bibi mmoja akaniuliza, "Bwana shamba, mwanangu, mkungu ule pale nani kaupanda?"

Nikasema, "Sijui, bibi."

"Na ule? Na mkuyu ule uliomea juu ya ukuta?"

Nikanyamaza. Yeye akacheka. "Sisi hatukupanda. Kapanda huyo unayetaka tumfukuze. Yeye akila tunda hapa, mbegu anaitupa kule."

Watu wakacheka, nami nikacheka kwa aibu. Baadaye nilisoma, nikakuta bibi alisema kweli. Popo wanaokula matunda husambaza mbegu. Pia hubeba chavua kutoka ua hadi ua. Mibuyu na misufi huchanua usiku, na popo ni miongoni mwa wanaoifanya izae. Ni kweli anakula maembe. Hiyo ni ijara yake.

Leo wageni wanavuka bahari kuja kuona popo wale wale. Wanapiga picha, wanalipa mtembezaji, wananunua chai na vitumbua. Kama wananchi wa Chole wangenisikiliza mimi, wangekuwa na maembe machache zaidi na hasara kubwa. Tangu siku ile, kabla ya kusema kitu fulani ni adui, nauliza kwanza wazee wa mahali.

Chole pia kuna magofu ya wakati wa Waarabu na Wajerumani. Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani wa Zanzibar maki milioni 4, wakachukua pwani ya bara pamoja na Mafia. Makao yao kisiwani yalikuwa hapa Chole kabla ya kuhamia Kilindoni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Januari 1915, Waingereza waliiteka Mafia. Walitaka kuitafuta meli ya vita ya Wajerumani iitwayo Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Ndege ziliruka kutoka Mafia kuitafuta. Tarehe 11 Julai, 1915 meli hiyo iliangamizwa. Leo ukuta wa makao yale ya Chole umekumbatiwa na mizizi, na kuku wanapita mlangoni bila kubisha hodi.

MAGOFU YA KUA

Jirani ya Chole ni Kisiwa cha Juani. Hapo palikuwa na mji mkubwa, Kua. Bado utaona kuta za nyumba ya mtawala, misikiti na makaburi. Mji ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska walikuja kwa mitumbwi yao, wakaushambulia. Watu wengi waliuawa au kuchukuliwa utumwani. Waliobaki walikimbia, na mji haukukaliwa tena kama zamani.

Wazee wanasimulia kisa kingine cha Kua. Wanasema watu wa Kisimani, upande wa magharibi wa Mafia, walijenga jahazi. Siku ya kulishusha majini wakawaalika watu wa Kua. Kumbe walikuwa na nia mbaya. Waliwakamata watoto wa Kua, wakawalaza mbele ya jahazi na kulipitisha juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Walingoja miaka. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini, ndani ya chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Wageni walipokuwa wakisherehekea, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukazibwa.

Siwezi kukuapia kwamba yalitokea hivyo hasa. Lakini miji yote miwili leo ni magofu, na sehemu ya Kisimani imemezwa na bahari. Wazee wanaposimulia kisa hiki huwa wanawaangalia vijana usoni.

Ukienda Kua, usichukue jiwe, wala usiandike jina lako ukutani. Jiwe moja kwa kila mgeni, baada ya miaka michache mji mzima utakuwa umekwenda.

KASA WANAOZALIWA MCHANGANI

Bado tuko Juani. Tukikata kisiwa kwa miguu tunafika upande wa bahari kuu. Mchanga ni mweupe na mawimbi yanapiga kwa nguvu. Huku ndiko kasa wanakuja kutaga.

Kasa jike hutoka baharini usiku. Anachimba shimo, anataga mayai kama 100, anayafukia, anarudi majini. Hakai kuatamia. Joto la mchanga ndilo linaloangua. Baada ya miezi miwili hivi vitoto vinatoka vyote kwa pamoja na kukimbilia maji. Kaa wanavingojea, ndege wanavingojea, samaki wanavingojea. Wachache sana wanafikia utu uzima. Na yule anayepona huchukua miaka mingi, pengine 25 au zaidi, kabla ya kutaga. Kwa hiyo ukichinja kasa mmoja mkubwa leo, umechinja kazi ya miaka 25.

Zamani mayai ya kasa yalichimbwa na kuliwa. Sheria ya nchi inakataza. Lakini sheria peke yake haikai ufukweni usiku. Kazi imefanywa na wanakijiji wenyewe, wakisaidiana na shirika la Sea Sense. Wanatembea ufukweni, wanatafuta viota, wanavilinda mpaka siku ya kuanguliwa. Wageni hualikwa kuja kutazama, na ada yao inasaidia kazi hiyo na kijiji. Nilisimama pale mwaka mmoja pamoja na watoto wa shule. Mchanga ulianza kutikisika kama uji unaochemka. Kikatoka kichwa kimoja, halafu kumi, halafu sikuweza kuhesabu. Mzee mmoja kando yangu alisema polepole, "Mimi haya niliyala sana. Sikupata kuyaona yakitembea."

MAFUNDI WA JIBONDO

Kisiwa cha Jibondo ni cha mawe. Kwa miaka mingi maji matamu yalikuwa shida. Wananchi walikinga ya mvua, na mengine yaliletwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Lakini watu wa Jibondo ni mabaharia na mafundi hodari. Utawakuta wakijenga mashua na majahazi kwa shoka, tezo, keekee na msumeno wa mkono. Hakuna mchoro wa karatasi. Mchoro uko kichwani mwa fundi, naye aliupata kwa baba yake. Mbao zikishakaa sawa, nyufa zinazibwa kwa pamba na mafuta. Kaa kimya uangalie. Hiyo ni shule kamili.

BUSTANI YA CHINI YA BAHARI

Chini ya maji ya Mafia yako matumbawe. Wengi hudhani ni mawe. Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana, nayo ni nyumba ya samaki na mahali pa kuzalia. Mgeni anazama na chupa ya hewa, au anaelea juu na miwani, akawaona samaki wa rangi zote.

Bustani hiyo imepata misukosuko. Wako watu waliovua kwa baruti. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo, na huvunja nyumba yao. Tena mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kawaida, na matumbawe mengi yalipauka na kufa.

Mwaka 1995 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye eneo la kilometa za mraba 822. Ni hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania. Vijiji vya Chole, Juani, Jibondo na Utende vimo ndani yake, na wananchi hawakuhamishwa. Mahali pengine uvuvi umekatazwa kabisa. Mahali pengine wenyeji wanavua kwa utaratibu. Si kila mtu alikubali mara moja. Wavuvi wengine waliona wamefungiwa mlango wa jikoni, na ubishi ulikuwa mkali. Ndiyo maana sehemu ya ada za wageni inatakiwa irudi vijijini, na ndiyo maana ni haki ya mwanakijiji kuuliza imerudi kiasi gani na imefanya nini.

Nisisahau viboko. Mafia kuna viboko kwenye mabwawa. Husemwa kwamba asili yao ni Rufiji, mafuriko yaliwasukuma baharini, wakaogelea mpaka kisiwani. Mgeni anafurahi kuwaona. Mwenye shamba la mpunga hafurahi. Usitembee kando ya bwawa usiku.

UKITAKA KWENDA

Usidhani mtalii ni Mzungu tu. Wewe pia ni mwenye nchi. Kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, shule, au wavuvi wa kijiji kimoja wanaweza kuchanga na kwenda kujifunza. Kumbuka mambo haya:

Uliza ratiba ya chombo na hali ya upepo mapema.

Uliza kupwa na kujaa kwa maji. Mahali pengine mashua haifiki maji yakitoka.

Vaa kwa heshima. Mafia ni kisiwa cha Waislamu wengi. Nguo ya kuogelea ni ya majini, si ya kupita nayo kijijini.

Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Tafuta mtembezaji wa hapo hapo, na lala na kula kwa wenyeji ukiweza. Fedha yako ibaki kisiwani.

NA KIJIJINI KWAKO JE?

Nilipomaliza safari yangu ya mwisho nilirudi kwenye kazi yangu. Niliwakumbusha wakulima wa minazi wachome magogo ya minazi iliyokufa, maana chonga huzaliana humo na kuja kutoboa minazi mizima. Lakini safari hii sikuishia hapo. Niliuliza pia: "Hapa kwenu kuna nini ambacho mtu angetoka mbali kuja kukiona?"

Nakuuliza na wewe. Huenda ni pango, chemchemi, mbuyu wa zamani, ngoma ya mavuno, au fundi wa mitumbwi. Usingoje mgeni aje akuambie ni mali. Kaeni na halmashauri ya kijiji. Kubalianeni nani atawaongoza wageni, ada itakuwa kiasi gani, itaandikwa kwenye daftari gani, na nani atalisoma daftari hilo mbele ya mkutano. Sasa wewe unajua kusoma. Daftari la kijiji ni lako pia.

Na akija bwana shamba kijana, cheti kinanukia wino, akawaambia mkate mti, muulizeni kwanza: nani aliupanda?

Kwaheri, ndugu msomaji. Tukutane mwezi ujao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini popo wa Chole si mdudu mharibifu tu?

2. Kijana wa Kilindoni aliuliza, "Nani atanilipa?" Wewe ungemjibu nini?

3. Kasa mkubwa akichinjwa, tunapoteza nini?

4. Taja kitu kimoja kijijini kwenu kinachofaa kuonyeshwa wageni. Nani anakitunza sasa?